Ushirika na Kiwanja Chake: Historia ya Nyumba za Ibada katika Mji wa Bedford

Bedford ni makao makuu ya kaunti ya Bedfordshire nchini Uingereza, mji uliokua kwenye kivuko cha mto Great Ouse, takriban kilomita 75 kaskazini mwa London. Msomaji anayetafuta historia ya dini katika mji huu huelekezwa kwanza kwenye minara ya makanisa yake ya kale, na ni kweli kwamba mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro una mawe yaliyopangwa na waashi wa enzi za Waanglo-Saksoni, kabla Wanormani hawajaiteka nchi mwaka 1066. Hata hivyo, mawe hayo ni nusu tu ya habari. Kwa karne nyingi ni sheria ya dola iliyoamua nani akusanyike, wapi, na akiwa na wenzake wangapi. Ndiyo maana jamii kadhaa za waumini wa Bedford ziliishi miaka mingi bila jengo lolote la kuziita zao, na jengo lilipopatikana lilikuja kama tunda la subira ndefu. Historia ya nyumba za ibada za Bedford haieleweki pasipo kuwatanguliza watu waliokaa nje ya nyumba hizo.

Katika zama za kati mji ulikuwa na parokia kadhaa, zikiwemo tatu upande wa kaskazini wa mto, yaani Mtakatifu Paulo, Mtakatifu Petro na Mtakatifu Cuthbert, na mbili upande wa kusini, yaani Mtakatifu Maria na Mtakatifu Yohane. Parokia wakati huo haikuwa chaguo la mtu, kwa kuwa kila mkazi alizaliwa ndani ya mipaka yake, akabatizwa, akatozwa zaka na kuzikwa humo, na nje ya mpango huo walibaki Wayahudi peke yao, ambao walikuwa na jumuiya yao Bedford hadi Mfalme Edward I alipowafukuza Wayahudi wote nchini mwaka 1290. Kanisa la Mtakatifu Paulo lilikuwa kubwa kuliko yote, na lilihudumiwa na makanoni, yaani kundi la mapadri waliolihudumia kanisa moja. Mmoja wao, Philip de Broi, alishtakiwa kwa mauaji, na kesi yake ikawa miongoni mwa zile zilizochochea ugomvi wa Mfalme Henry II na Askofu Mkuu Thomas Becket juu ya swali la iwapo padri ahukumiwe na mahakama ya mfalme au na mahakama ya kanisa. Baada ya hapo makanoni walihamishiwa Newnham, nje kidogo ya mji, wakawa watawa wa kanuni ya Mtakatifu Augustino.

Kanisa hilohilo la Mtakatifu Paulo lilipatwa na msiba mwingine mwanzoni mwa karne ya 13, pale mtawala wa ngome ya Bedford, Falkes de Bréauté, alipolibomoa ili kupata mawe ya kuimarishia kuta zake. Falkes alipomwasi Mfalme Henry III, ambaye mwaka 1224 alikuwa kijana wa miaka 16 tu, ngome ilizingirwa kwa takriban wiki 8, na ilipoanguka walinzi wake zaidi ya 80 walinyongwa. Mfalme aliamuru ngome ivunjwe na sehemu ya mawe irudishwe kwa makanisa na nyumba za watawa zilizokuwa zimeporwa. Mawe yaliyotoka madhabahuni yakaenda vitani, kisha yakarejea madhabahuni. Na kilima cha udongo kilichobeba ngome hiyo kingali kinaonekana kando ya mto.

Kuzunguka mji zilikuwapo nyumba nyingine za watawa: Caldwell upande wa kusini-magharibi, Wafransisko ndani ya mji wenyewe, na katika kijiji cha Elstow, kilomita chache kusini, abasia ya masista Wabenediktini iliyoanzishwa katika karne ya 11 na Judith, mpwa wa Mfalme William Mshindi. Abasia ni nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, au abesi ikiwa ni ya masista. Wasomaji wa kusini mwa Tanzania wanaijua namna hiyo ya maisha kutokana na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Nyumba hizo zote za Bedford na jirani zake zilifutwa katika muda mfupi sana. Mfalme Henry VIII, baada ya kujitenga na Papa, aliamuru nyumba za watawa zifungwe na mali zake zichukuliwe na dola. Wafransisko wa Bedford waliondolewa mwaka 1538, Elstow ikasalimishwa mwaka 1539, na Newnham ikafuata muda mfupi baadaye. Ardhi ya kanisa ikawa ardhi ya matajiri wapya. Miongoni mwa walionufaika ni ukoo wa Russell, uliopewa abasia ya Woburn katika kaunti hiyohiyo na baadaye ukapata cheo cha ukabaila cha Duke wa Bedford, jina litakalorudi mwishoni mwa maelezo haya kwa namna ambayo watawa wa karne ya 16 wasingeweza kuikisia.

Mageuzi ya kidini yaliliacha Kanisa la Uingereza, yaani Kanisa la Anglikana, likiwa kanisa la dola, na mfalme akiwa mkuu wake. Kutohudhuria ibada zake kukawa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1593, iliyopitishwa chini ya Malkia Elizabeth I, ilimtisha mtu aliyehudhuria mikutano ya dini isiyoruhusiwa kwa kifungo, na akishikilia msimamo wake, kwa kuhamishwa nchini. Na akirudi bila ruhusa, kwa kunyongwa. Sheria hiyo ilikuwa imelala kwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wakati majeshi ya Bunge yalipomshinda Mfalme Charles I na kumkata kichwa mwaka 1649, na ni katika kipindi hicho cha kulegea kwa sheria ndipo ushirika maarufu kuliko wote wa Bedford ulipozaliwa.

Mwanzilishi wake hakuwa mtu ambaye mtu yeyote angemtazamia. John Gifford alikuwa meja katika jeshi la mfalme, akatekwa mwaka 1648 katika mapigano ya Kent, akahukumiwa kifo, lakini akatoroka kwa msaada wa dada yake na kufika Bedford, ambako alifanya kazi ya uganga huku akijulikana kwa ulevi na kamari. Baada ya kuongoka, yeye pamoja na watu wengine 11 waliunda ushirika mwaka 1650, na sharti walilojiwekea lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulishika: kwamba mtu apokewe kwa imani yake kwa Kristo na kwa utakatifu wa maisha yake, pasipo kumbagua kwa namna alivyobatizwa wala kwa taratibu nyingine za nje. Uzito wa sharti hilo unaonekana pale mtu anapokumbuka kwamba Waprotestanti wa Uingereza walikuwa wakigawanyika siku hizo juu ya swali la iwapo mtoto mchanga abatizwe, kama walivyofanya Wakongregeshonali, wanaoamini kwamba kila ushirika ujitawale wenyewe, au mtu mzima peke yake ndiye azamishwe majini baada ya kukiri imani, kama walivyofundisha Wabaptisti. Gifford alikataa kuugawa ushirika kwa swali hilo, na kabla ya kufa mwaka 1655 aliwaandikia waumini wake barua ya kuwasihi wasitengane kwa ajili yake. Kwa hukumu ya mwandishi wa makala haya, barua hiyo ndiyo hati yenye thamani kubwa kuliko zote katika historia ya dini ya mji huo, kuliko hata vitabu vilivyoandikwa baadaye na mshirika wake mashuhuri.

Mwaka 1653 halmashauri ya mji ilimkabidhi Gifford kanisa la parokia la Mtakatifu Yohane, hivyo ushirika ulioanza na watu 12 ukajikuta ndani ya jengo la kale lililokuwa likitumiwa na kanisa la dola. Karibu na wakati huo alijiunga nao John Bunyan, mzaliwa wa Elstow aliyebatizwa mwaka 1628, fundi wa kuziba na kutengeneza vyombo vya chuma na shaba kama baba yake, ambaye ujanani alipenda kupiga kengele katika mnara wa kanisa la Elstow, mnara uliosimama peke yake kando ya masalia ya abasia. Kilichomvuta, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa mahubiri bali mazungumzo ya wanawake watatu au wanne maskini waliokaa mlangoni juani mjini Bedford, wakizungumzia kazi ya Mungu mioyoni mwao kwa furaha ambayo yeye hakuwa nayo. Wanawake hao walikuwa wa ushirika wa Gifford, na majina yao hayakuandikwa na Bunyan. Hata hivyo, bila wao historia hii isingekuwa hivi ilivyo.

Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, ushirika ulipoteza kanisa la Mtakatifu Yohane, na sheria ya 1593 ikaamshwa. Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikamatwa katika kitongoji cha Lower Samsell, kusini mwa kaunti, alikokwenda kuhubiri shambani kwa mkulima, akapelekwa mbele ya hakimu Francis Wingate wa Harlington. Angeweza kuachiwa kwa kuahidi tu kwamba hatahubiri tena, naye alikataa kuahidi. Kwa hiyo alikaa katika gereza la kaunti, kwenye kona ya Silver Street katikati ya Bedford, kwa takriban miaka 12, akisokota kamba za viatu na kuzitia ncha za chuma ili kumlisha mke wake Elizabeth na watoto, akiwemo binti yake Mary aliyekuwa kipofu. Mwaka 1661 Elizabeth alisimama mwenyewe mbele ya majaji, akiwemo Sir Matthew Hale, kumwombea mumewe, na ingawa Hale alimsikiliza kwa huruma, hakuona njia ya kisheria ya kumsaidia.

Nje ya gereza mambo yalizidi kukaza. Sheria ya mwaka 1662 ilimtaka kila mchungaji akubali Kitabu cha Sala cha kanisa la dola kwa ukamilifu, na sheria za 1664 na 1670 ziliharamisha mkutano wa dini wa watu 5 au zaidi wasiokuwa wa nyumba moja. Ushirika ulikutana majumbani, mashambani na usiku, na katika kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho kingalipo, kuna pengo la miaka kadhaa katika muongo huo ambapo hakuna lililoandikwa. Mnamo Mei 1670 maofisa walivamia mkutano katika nyumba ya John Fenn, mfanyabiashara wa kofia, wakawatoza faini waliohudhuria na kunyang'anya bidhaa na vyombo vya nyumbani vya walioshindwa kulipa. Mtu anayeuliza nyumba ya ibada ya Bedford ilikuwa wapi katika miaka hiyo hana budi kujibiwa kwamba ilikuwa duka la kofia.

Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa Tamko la Msamaha, lililowaruhusu wasiofuata kanisa la dola kuabudu ikiwa watapata leseni ya mhubiri na leseni ya mahali. Ushirika ulikuwa umemchagua Bunyan kuwa mchungaji mwezi Januari mwaka huo, kabla hajafunguliwa. Mwezi Mei leseni ilitolewa kwa jina lake na kwa nyumba ya Josias Ruffhead. Na mwezi Agosti ghala la nafaka lililokuwa katika bustani ya Ruffhead, kwenye njia ambayo leo inaitwa Mill Street, lilinunuliwa kwa pauni 50. Hilo ndilo jengo la kwanza ambalo ushirika ulilimiliki, miaka 22 baada ya kuanzishwa kwake. Tamko lilibatilishwa mwaka uliofuata kwa shinikizo la Bunge, na Bunyan akafungwa tena kwa miezi kadhaa baadaye, lakini ghala lilibaki. Mwaka 1673 alichapisha kitabu kidogo cha kutetea msimamo wa Gifford kwamba tofauti juu ya ubatizo wa maji hazizuii watu kushiriki meza moja, na mwaka 1678 ikatoka sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha safari ya msafiri aendaye mji wa mbinguni, ambacho kimetafsiriwa katika takriban lugha 200, zipatazo 80 zikiwa za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Bunyan alifariki London tarehe 31 Agosti 1688. Sheria ya Uvumilivu, iliyowaruhusu Waprotestanti wasiofuata kanisa la dola kuabudu katika majengo yaliyosajiliwa, ilipitishwa mwaka 1689, miezi michache tu baada ya kifo chake. Nayo iliweka sharti kwamba milango ya majengo hayo isifungwe kwa ufunguo wala komeo wakati wa ibada, kwa kuwa dola ilikuwa bado inaogopa mkutano ulio nyuma ya mlango uliofungwa.

Katika kivuli cha sheria hiyo mji ulijaa makundi mapya. Marafiki, yaani Quakers, wanaojulikana sana magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi, walikuwapo tangu enzi za Gifford, na maandishi ya kwanza ya Bunyan yalikuwa ya kubishana nao. Ila mwamko mkubwa zaidi wa karne ya 18 ulitoka kwa Wamoravian, kanisa lenye mizizi Bohemia na Moravia, lililohuishwa katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani chini ya Count Zinzendorf. Walifika Bedford baada ya mlipuko wa ndui na baada ya Jacob Rogers, padri msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Paulo, kuanza kuhubiri uwanjani, na kufikia katikati ya miaka ya 1740 walikuwa na ushirika kamili. Kilichowatofautisha ni kwamba hawakujenga kanisa peke yake: kando ya kanisa lao la mwaka 1751 zilisimama nyumba za kuishi kwa pamoja, moja ya ndugu wasiooa na moja ya dada wasioolewa, kila kundi likisali, kufanya kazi na kula kwa ratiba yake. Ni kanisa hilohilo la Herrnhut lililotuma wamisionari Rungwe mwaka 1891 na baadaye Urambo, hivyo Mmoravian wa Mbeya au Tabora akisoma habari za nyumba hizo za Bedford husoma habari za jamaa zake wa mbali. Jengo la Wamoravian katika St Peter's Street, lililojengwa upya katika karne ya 19, leo ni ukumbi wa maigizo.

John Wesley naye alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Paulo mwaka 1758 mbele ya majaji waliokuja kuendesha kesi, akichukua hukumu ya mwisho kuwa mada yake. Lakini tukio lenye uchungu zaidi la karne hiyo lilitokea Mill Street kwenyewe, ambako jengo jipya lilikuwa limechukua nafasi ya ghala mwaka 1707. Mchungaji Joshua Symonds alipotangaza mwaka 1772 kwamba ameshawishika na ubatizo wa watu wazima, sehemu ya waumini ilitoka na kuanzisha ushirika mwingine katika mtaa huohuo. Jambo ambalo Gifford alilionya kwa barua yake likatimia miaka 117 baada ya kifo chake. Miongoni mwa waliotoka alikuwa John Howard wa Cardington, ambaye mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa shirifu mkuu wa kaunti, yaani ofisa wa mfalme mwenye dhamana ya mahakama na magereza. Shirifu wengi waliacha kazi ya magereza kwa wasaidizi, lakini Howard aliingia mwenyewe katika gereza la Bedford, akakuta watu walioachiwa huru na mahakama wakiendelea kufungwa kwa sababu tu walishindwa kumlipa mlinzi wa gereza ada zake. Kutoka hapo alianza safari za kukagua magereza ya Uingereza na Ulaya zilizodumu hadi kifo chake mwaka 1790. Mtu aliyewahi kuabudu katika kanisa ambalo zamani lilikuwa na mchungaji mfungwa ndiye aliyeanza kuufungua macho umma wa Uingereza kuhusu magereza.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya ujenzi, na inaweza kuelezwa kwa ufupi. Vikwazo vya kisheria kwa Waprotestanti viliondolewa mwaka 1828 na kwa Wakatoliki mwaka 1829. Wakatoliki wakajenga tena mjini katika nusu ya pili ya karne. Na kanisa la Mill Street likapata jengo lake la sasa mwaka 1850. Mwaka 1874 sanamu ya Bunyan ilisimamishwa mjini, na mwaka 1876 milango ya shaba nyeusi yenye picha za kitabu chake ikatiwa katika kanisa la Mill Street. Vyote viwili vilikuwa zawadi ya Duke wa Bedford, mrithi wa ukoo uliotajirika kwa ardhi ya watawa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji ulishuhudia jamii ya kipekee, iliyoitwa Panacea Society, iliyokusanyika mwaka 1919 kumzunguka Mabel Barltrop, mjane wa padri Mwanglikana, ambaye wafuasi wake walimwita Octavia na kumwamini kuwa binti wa Mungu. Walinunua nyumba katika mitaa ya karibu na Albany Road, wakafundisha kwamba Bedford ndipo palipokuwa bustani ya Edeni, na kwa posta waliwatumia maelfu ya wagonjwa duniani vipande vya kitambaa vya kutia katika maji ya kunywa. Ni rahisi kuwapita kwa haraka, lakini wengi wao walikuwa wanawake waliofiwa katika kizazi kilichopoteza vijana wengi vitani, katika kanisa ambalo halikumpa mwanamke nafasi ya kuhudumu madhabahuni. Mshirika wa mwisho alifariki mwaka 2012. Katika Vita Kuu ya Pili idara ya dini ya BBC ilihamishiwa Bedford, na kuanzia 1941 ibada ya kila siku ilitangazwa redioni kutoka kanisa la Mtakatifu Paulo.

Vita vilipokwisha, viwanda vya matofali vya bonde la Marston, kusini-magharibi mwa mji, vilikosa wafanyakazi, na kuanzia mwaka 1951 vilianza kuajiri wanaume kutoka kusini mwa Italia. Walikuwa Wakatoliki katika mji uliojulikana kwa Bunyan, wakiishi kwanza katika mabweni na kupanga vyumba, na ibada yao ikifuata palipopatikana nafasi. Mwaka 1965 walifunguliwa kanisa lao, lililopewa jina la Mtakatifu Francesca Cabrini, mtawa wa Kiitalia anayeheshimiwa kama msimamizi wa wahamiaji. Kanisa la kale la parokia ya Mtakatifu Cuthbert limepita mikononi mwa Wakatoliki wenye asili ya Poland. Wahamiaji kutoka Punjab, Pakistan na Bangladesh walileta gurdwara, yaani nyumba za ibada za Masingasinga, na misikiti, hasa katika mtaa wa Queens Park, na hatua za mwanzo za jamii hizi zilifanana na za ushirika wa 1650 kwa kuwa sala ilianza sebuleni. Miongoni mwa Masingasinga wa Uingereza kwa jumla wamo wengi wa jamii ya Ramgarhia, mafundi ambao babu zao waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 na ambao wazazi wao waliondoka Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970; Bedford nayo ina gurdwara yenye jina hilo.

Tofauti kati ya jamii hizi na ile ya Bunyan haipaswi kufichwa. Hakuna aliyewafunga kwa kusali nyumbani. Uhuru wanaoutumia uliandikwa katika sheria baada ya watu wa mji huohuo kukaa gerezani na kunyang'anywa vyombo vyao, na hilo ni deni ambalo linafaa kufundishwa katika kila shule ya Bedford, kwa watoto wa kila dini.

Katika dirisha moja la kanisa la Mill Street kuna picha ya vioo vya rangi ya Bunyan akiandika gerezani. Terry Waite, mjumbe wa Askofu Mkuu wa Canterbury aliyetekwa nyara Beirut mwaka 1987, alipokea akiwa kifungoni postikadi yenye picha hiyo, kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Aliachiwa mwaka 1991. Ushirika wenyewe bado unakutana hapo, kwenye kiwanja kilekile kilichonunuliwa kwa pauni 50 mwaka 1672, na umejiunga na Wabaptisti na Wakongregeshonali kwa wakati mmoja, ukibatiza watoto wachanga na watu wazima.